Nani Anamuomba Anselme?

Muzee Karani hakuwahi kukanyaga uwanjani hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu watu waliomjua kwa mbali, waliozoea kutusikia tukipiga kelele za goli nyuma ya ukuta wake wa mawe meusi kila Jumapili baada ya misa, walimdhania mpenzi mkubwa wa mpira. Hakuupenda kabisa. Siku moja nilimuuliza sababu, akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini hali majani.

"Mama Salima," akasema, "kule batu banakimbia sana. Mutu anakosa goli moya tu, kiwanja muzima banamutukana. Mi siwezi kukaa kuangalia ile."

Alichokipenda ni mpira wa karatasi. Kazi yake ilikuwa ukarani katika biro, ofisi ya kuandikisha watoto waliozaliwa na watu waliokufa, na miaka mingi ya kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akishaandikwa kwenye fishi, kile kikadi cha karatasi ngumu, hatoroki wala hapotei. Basi akatengeneza wachezaji kwa fishi. Timu zilikuwa sita, kila moja na wachezaji kumi na mmoja na wachache wa akiba, na kila timu ilikuwa na mwenyewe, mmoja wetu majirani. Kila mchezaji alikuwa na namba yake, kuanzia mbili hadi kumi na mbili. Ukitupa dadu mbili na jumla ikaangukia kwenye namba ya mshambuliaji wako, amefunga. Mwenye saba alikuwa mfalme, maana saba hutoka kila mara. Mwenye mbili au kumi na mbili alikuwa mzigo tu wa kubebwa.

Sisi wengine tulikuwa tukicheza. Yeye alikuwa kazini. Alivaa abakosti, koti lake la kola fupi la rangi ya majivu, lile lile la biro, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaweka mezani kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Ya buluu ilikuwa ya kuandika, nyekundu ya kufuta. "Buluu inaandika, nyekundu inajuta," alizoea kusema, na alikuwa akiishika ile nyekundu kwa vidole viwili, kama mtu anayemshika panya mkiani. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa na doa la wino ambalo sabuni ilishindwa nalo. Alikunywa chai bila sukari, akatafuna mahindi ya kukaanga punje moja moja, na mechi ya timu mbili iliweza kuchukua saa nzima kwa sababu kila goli liliandikwa: nani amefunga, dakika gani, kwa dadu zipi.

Timu yangu niliirithi kwa mume wangu angali hai. Alisafiri kwenda Kindu na vitambaa vyake, akaniambia, nishikie timu kwa Jumapili tatu. Alikaa miezi kumi na mmoja. Aliporudi nilimpa maji ya kuoga, nikampa wali, nikampa kila haki ya mume, lakini timu sikumpa. Alikwenda kushtaki kwa Muzee Karani, naye akafungua daftari, akapitisha kidole, akamwambia kwamba mama huyu ana ushindi kumi na nne na wewe ulikuwa na tatu, kwa hiyo nenda kapumzike, bwana, umechoka na safari. Sisi ni Waislamu wa Maniema, Jumapili kwetu ni siku ya soko kama siku nyingine, lakini tangu hapo meza yangu ya viazi na maharagwe ilifungwa saa nane mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Wanawake wenzangu sokoni walisema nimerogwa na dadu. Niliwaacha waseme.

Niseme sasa habari ya majina, kwa sababu bila majina huwezi kumwelewa mzee huyu.

Mwaka ule wa sabini na mbili serikali ilipokataza majina ya Kizungu, mji mzima wa Goma ulipanga mstari mbele ya dirisha lake. Kila mtu alikuja kuacha jina. Aliyeingia Joseph alitoka na jina la babu yake. Aliyeingia Gaspard vile vile. Muzee Karani alikata kwa nyekundu, akaandika kwa buluu, akagonga muhuri, akaita anayefuata, wala hakuinua macho. Alikuwa mwepesi na mkavu. Mtu akikosea karatasi moja alimrudisha nyumbani hata kama nyumbani ni milima ya Masisi. Mimi mwenyewe nilimwona akimrudisha mama mmoja mara tatu kwa ajili ya timbri, ile stempu ya serikali, na mara ya tatu yule mama alikaa chini kwenye ngazi za biro akavua viatu akalia.

Lakini ajuza mmoja, alipokwisha kukatiwa jina lake la Veronika, hakuondoka dirishani. Akamuuliza, "Na ile ya zamani, papa, inaenda wapi?"

"Haiende popote, mama. Inabakia hapa."

"Inabakia na nani?"

Muzee Karani alitusimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara aliishia hapo kwenye swali, hakutuambia alijibu nini. Jioni ile alianza kuyaandika majina yale yaliyoachwa, kwenye kurasa za nyuma za daftari kuukuu, na wachezaji wetu wote walitoka kwenye daftari hilo. Tulikuwa na Fidèle, tulikuwa na Dieudonné, tulikuwa na Gaspard wangu mwenye saba. Veronika alicheza beki katika timu ya Muzee Karani mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kusema mwanamke hachezi. Mwanzoni majina hayo tuliyatamka chini chini, kwa sababu watu wa chama cha serikali walipita njia ile. Infirmier, yule muuguzi wa dispansari aliyekuwa na timu aliyoiita Sindano, alikuwa akichungulia juu ya ukuta kwanza, ndipo mechi ianze.

Infirmier na Muzee Karani walikuwa maji na mafuta. Infirmier hakuweza kuvumilia. Mchezaji akikosa mechi mbili, anamtupa. Anamchukua mwingine, anamsifu kama bibi harusi, wiki ya pili anamtupa naye. Ni kwa ajili yake sheria nyingi zilizaliwa, na sheria zenyewe zilikuwa tatu tu za kukumbukwa. Ya kwanza, mchezaji hatupwi kabla ya mechi kumi. Ya pili, mchezaji aliyekaa na timu moja tangu mwanzo wa msimu hadi mwisho anaruhusiwa kuvuta namba mpya kutoka kwenye kofia ya mzee, na anaweza kuamka na saba. Aliyehamahama havuti kitu. Ya tatu ilihusu kopo.

Lilikuwa kopo tupu la maziwa ya unga. Mchezaji aliyetupwa aliingia humo. Yeyote aliyemtaka alitakiwa kusema mbele ya wote, "Ninamuomba," kisha aingize wa kwake mmoja kwenye kopo. Lakini aliyemtupa hakuruhusiwa kumtoa kwa mkono wake mwenyewe. Milele. Ilibidi mtu mwingine amwombe kwanza, ndipo wabadilishane. Sheria hiyo iliandikwa baada ya Infirmier kutupa mtu kwa hasira Jumapili moja na kurudi ya pili akiwa na majuto.

"Muzee, ile sheria ni mubaya," Infirmier alilalamika. "Mutu anaweza kosea."

"Njo sababu nimeiandika," akajibu Muzee Karani. "Mbele ya kutupa mutu, ufikiri."

Tulimcheka Infirmier siku hiyo. Naikumbuka vizuri, kwa sababu ni katika vicheko vyangu vichache ninavyotamani kuvirudisha tumboni.

Sasa Anselme. Huyu alikuwa mshambuliaji wa Muzee Karani mwenyewe, na alizaliwa na namba mbili. Maana yake dadu zote zitoe moja, ndipo afunge. Msimu wa kwanza hakufunga. Mzee akamweka. Mwisho wa msimu akavuta kwenye kofia, akapata kumi na mbili. Msimu wa pili alifunga goli moja, la kufutia machozi. Akavuta tena, akapata mbili. Mwaka uliofuata tatu, halafu mbili tena. Wahenga walisema subira huvuta heri. Subira ya Muzee Karani ilivuta mbili. Kila Jumapili Anselme alikuwa wa kwanza kwenye orodha, kwa buluu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa wengine, na kila Jumapili tulimtania mwenye timu mpaka machozi yakatutoka.

"Anakomaa," alisema. "Dadu haina haraka."

Alimvumilia misimu tisa.

Na mtu huyo huyo ndani ya nyumba yake hakuweza kuvumilia kijiko kuanguka. Kikianguka alifumba macho, na nyumba nzima ilinyamaza mpaka ayafumbue. Chai ikichelewa aliisukuma mbali bila neno. Mkewe, mama mpole aliyeongea kwa mikono kuliko kwa mdomo, alijifunza kutembea bila kusikika. Mabinti watatu waliolewa mapema, na sidhani ni kwa bahati tu. Aliyebaki ni Bauma, kitinda mimba, mtoto wa kiume wa pekee. Bauma alikuwa kijana wa baiskeli. Alizifungua, alizifunga, aliziosha kwa petroli, na mikono yake ilikuwa na grisi kama ya baba yake ilivyokuwa na wino. Alikuwa na upole wa mama yake. Baba alimtaka biro. Alisema kiti kipo, dirisha lipo, anachokosa ni diploma tu.

Bauma alifanya mtihani wa serikali, akaanguka. Akarudia mwaka wa pili, akaanguka tena.

Siku matokeo yalipotoka nilikuwa nimempelekea mama yake maharagwe. Nilikuta sanduku la bati nje ya lango, na Bauma amelikalia, ameinamisha kichwa, anafuta mikono kwa kitambaa ingawa mikono haikuwa na kitu. Uani Muzee Karani alikuwa akikunja mikono ya shati lake, akiikunjua, akiikunja. Mkewe alisimama mlango wa jiko, unga mpaka kwenye viwiko.

"Nilimungojea miaka mbili," mzee akaniambia bila mimi kuuliza. "Nyumba yangu haina nafasi ya mutu ya kukaa bure. Miaka mbili inatosha."

Soko zima linaujua mdomo wangu. Nimewahi kugombana na polisi watatu kwa mpigo na wakaondoka wao. Lakini siku ile niliweka maharagwe chini, nikasema, "Haya, tutaonana dimanche," kama Jumapili yoyote, nikapita mbele ya yule kijana kama ninavyopita mbele ya jiwe. Nilijiambia ni mambo ya nyumba ya mtu, na mambo ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Hilo ni neno zuri sana la kujifichia.

Jumapili iliyofuata Muzee Karani alifika mezani kabla yetu. Alichukua fishi ya Anselme, akachukua kalamu nyekundu, akamkata kwenye orodha, akamtia kwenye kopo. Misimu tisa, kisha mstari mmoja. Tulipiga makofi. Infirmier alipaza sauti, "Alhamdulillahi!" akinikonyeza mimi, na sote tukacheka, na mzee akatazama dadu.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kabla mechi haijaanza alifungua kopo, akatoa fishi ile, akaiinua kidogo ili tuione.

"Nani anamuomba Anselme?"

Nasi tulicheka. Ikawa kama bismillahi ya mchezo wetu. Wengine walijibu, "Muzee, muache afe vizuri," wengine walijifanya wanakimbia. Aliirudisha fishi taratibu, akafunga kopo, tukaanza. Mkewe alizoea kuja mlangoni wakati wa swali lile, akasimama mpaka kopo lifungwe, kisha akarudi ndani. Tulidhani anapenda kusikia mzaha.

Bauma hakutajwa. Jina lake lilitoka katika nyumba ile kana kwamba halijawahi kuandikwa.

Mara moja tu nilikaribia. Gaspard wangu aliumia kwa dadu, hilo nalo lilikuwapo katika sheria, akatakiwa kukaa nje mechi tatu. Nilihitaji mshambuliaji. Kwenye kopo walikuwamo wawili: Anselme na mmoja aliyeitwa Léonard, mwenye kumi. Sijui nini kilinipata. Huenda ni huruma, huenda ni ubishi wangu wa kutaka kuwaonyesha wanaume kwamba naweza kukifanya kile kipande cha karatasi kiwe mtu. Nilifungua mdomo. Nikaona mkono wa Muzee Karani umekwisha kuchukua kalamu ya buluu, na fishi iko kati ya vidole vya mkono mwingine.

"Mama Salima," Infirmier akadakia, "usiombe maiti, weye. Ile timu yako haina sanduku."

Wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikasema, "Ninamuomba Léonard."

Mkono ulibaki hewani kwa muda. Kisha mzee akaipangusa fishi ya Anselme kwa mkono wa abakosti, pande zote mbili, akairudisha kwenye kopo, na akaandika jina la Léonard kwenye orodha yangu. Alikosea herufi. Sikuwahi kumwona akikosea herufi.

Viazi vyangu nilivinunua Kibumba, barabara ya Rutshuru, ambako baridi inaingia mpaka kwenye meno na viazi ni vikubwa kama ngumi. Mwaka mmoja hivi baada ya sanduku la bati nilishuka pale kwenye lori, nikamkuta Bauma kando ya barabara, chini ya turubai, baiskeli tatu zimelala mbele yake miguu juu. Alikuwa amekonda na amefuga ndevu. Alinyanyuka akanipa mkono wa kifundo, kwa sababu kiganja kilikuwa na grisi, akaniulizia mama yake, akawaulizia dada zake. Kisha akaanza kuzungusha gurudumu ambalo halikuwa na kasoro.

"Mama Salima, papa ananiuliziaka?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema, twende, panda lori hili hili, utalala kwangu, mume wangu atakaza uso siku mbili kisha atazoea. Nilikuwa na chumba. Badala yake nilisema neno nililolisikia mezani pale kwa miaka.

"Ungoje, mwanangu. Baba yako ni mutu ya kungojea. Weye unamujua."

Akacheka kidogo, akitazama gurudumu. "Ndiyo, namujua. Lakini mu nyumba mi sikumuonaka akingoja." Halafu akasema, "Mumuambie tu kama niko hapa."

Nikasema ndiyo. Sikumwambia. Nilirudi Goma na magunia yangu nikayapanga akilini maneno ya mzee: atasema namwingilia, atasema nani amenituma. Na chini kabisa, mahali ambapo mtu hapendi kushusha taa, niliogopa kiti changu cha Jumapili. Niliogopa kwamba nikitaja jina la Bauma, lile lango la mawe meusi halitafunguliwa tena kwangu, na nitarudi kuwa mwanamke wa viazi siku saba kwa wiki. Hivyo ndivyo nilivyomuuza mtoto wa watu, kwa kiti. Nilikiita subira.

Mama yake alikufa mwaka wa tatu baada ya sanduku, kwa kifua. Nilituma mtu Kibumba mbio. Akarudi akasema turubai halipo, kijana aliondoka na lori kwenda upande wa Rutshuru, hakuna anayejua zaidi. Tulimzika mama bila mwanawe. Muzee Karani alisimama kaburini amefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Jumapili ile alitaka tucheze. Tulikwenda, kwa sababu hatukujua kumkatalia, na alipofungua kopo akauliza swali lake, safari hii hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo ligi ilikufa polepole. Infirmier alihamishiwa mji mwingine. Wawili walichoka. Mzee alitolewa kazini kwa umri, akahamia nyumba ya mbao kule mtaa wa Katoyi, nami nikawa naenda kumwona kwa nadra, kisha kwa nadra zaidi.

Mara ya mwisho nitakayoisimulia ilikuwa mchana, jua kali, vumbi jeusi linaruka. Nilimchukulia maharagwe. Nilimkuta kwenye benchi nje ya mlango, macho yamefifia, abakosti imepauka mabegani, na kopo liko mapajani, juu ya daftari na fishi za timu zote. Alinitambua kwa sauti. Akasogea nikae, akatoa dadu.

"Tuanze," akasema. Akafungua kopo, akapapasa, akaitoa ile fishi bila kuisoma. Kona zake zilikuwa zimelainika kama kitambaa. "Nani anamuomba Anselme?"

Hapakuwa na mtu mwingine kwenye benchi. Nilitazama huku na huku kama mjinga. Na kwa sababu hapakuwa na Infirmier wa kunichekesha, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nikauliza swali ambalo mtoto angeliuliza siku ya kwanza.

"Muzee, huyu Anselme, jina yake ilitoka kwa nani? Nani aliiacha ku dirisha?"

Akasema kwa sauti ya biro, sauti ya kusoma rejista:

"Ni jina ya ubatizo ya Bauma. Alikuwa na miaka kumi. Mi mwenyewe nilimukata, na nyekundu. Mama yake alilia. Nikamuambia, usilie, ntamuweka mu timu."

Alikuwa akiikunja na kuikunjua kona ya fishi.

"Nilipomufukuza nilijua nimekosea mbele sanduku haiyafika ku mulango. Lakini mutu akisema, amesema. Nikamutia mu kopo. Nikasema na moyo yangu: siku mutu moya atamuomba Anselme, ntajua Mungu amenipa njia, ntapanda kamiyo ntaenda kumuleta. Kila dimanche niliwauliza. Mulicheka."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilimkasirikia mzee yule mpaka masikio yakavuma. "Hatukujua, Muzee! Hakuna mutu alijua! Juu ya nini hukusema Bauma? Sheria ni yako, uliiandika weye, ungaliikata weye na ile nyekundu yako!"

"Ndiyo," akasema. "Mama yake aliniambia vile vile, kila siku, mpaka alikufa." Akageuza uso wake upande wangu. "Na weye, Mama Salima? Weye hukujua kitu?"

Hasira ikaniishia miguuni. Nikamwambia habari ya Kibumba. Nikamwambia turubai, baiskeli tatu, mkono wa kifundo. Nikamwambia mwanawe aliuliza nini, na alinituma nini, na kwamba sikufikisha. Sikujisafisha hata kidogo, na nilikuwa nalia kwa sauti, watu wanapita.

"Ulimujibu nini?"

"Nilimuambia angoje."

Nilidhani atanifukuza, na ingekuwa haki yake. "Hata mi ningemuambia vile," akasema. "Hatujue kitu ingine."

Fishi ilikuwa bado mkononi mwake, kati yetu. Nikafuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Ninamuomba Anselme," nikasema.

"Sema tena."

"Ninamuomba Anselme, Muzee. Mbele ya wote."

"Unamutoa nani?"

"Gaspard."

"Gaspard iko na saba."

"Najua iko na saba."

Akatafuta kalamu ya buluu mfukoni. Aliandika jina kwenye orodha yangu karibu pua iguse karatasi, herufi moja moja, na haikukosewa hata moja. Akanipa fishi. Niliishika kidogo tu. Kisha nikamrudishia, nikamwambia achukue, nampa.

"Bure haiko mu sheria," akasema. Akapapasa kwenye timu yake, akatoa fishi nyingine, akaisogeza karibu na jicho, akaniwekea kiganjani. Alikuwa Veronika. Ndipo akachukua ya Anselme, akafungua kifungo cha juu cha abakosti, nikakiona kifua chake kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomjua, akaitia ndani upande wa moyo, akafunga.

"Ile kamiyo ya Rutshuru," akaniuliza, "inatokaka saa ngapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba miaka imepita, kwamba Rutshuru ni kubwa, kwamba huenda Bauma alishavuka mbali zaidi au hayupo tena popote. Nilitaka kusema kwamba macho yake hayatamwona hata akimfikia. Nikamjibu nilichoulizwa. Lori linatoka saa kumi na mbili asubuhi, nikasema, na kesho nitapanda pamoja naye, mimi nitakuwa macho yake.

Muzee Karani akanyanyuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani kutafuta viatu. Ilikuwa saa tisa ya mchana.